SOMO LA KIKUNDI: JINSI YA KUNUNUA WAYA WA SOLA UNAOAMINIKA



Vikundi vingi katika eneo letu, kutoka Balambala hadi Masalani, kutoka Modogashe hadi Hulugho, vinachanga pesa ili kila nyumba ipate taa ya sola. Hilo ni jambo jema. Jua tunalo la kutosha. Karibu na mji wa Garissa kuna kituo kikubwa cha sola chenye uwezo wa zaidi ya megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019, na umeme wake unaingia katika gridi ya taifa. Lakini boma lililo mbali na laini ya stima halipati faida hiyo moja kwa moja. Ndiyo sababu mradi wa KOSAP, ulioidhinishwa mwaka 2017 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulilenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma, zikiwemo Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Na wengi hatukungoja. Tunajinunulia wenyewe.

Tunaponunua, tunauliza sana juu ya paneli na betri. Paneli ni ya wati ngapi? Betri ina garantii ya muda gani? Tukifika kwenye waya tunasema tu, "Nipimie mita ishirini." Hapo ndipo wengi wanapotapeliwa. Waya mbaya huifanya paneli nzuri ionekane mbovu, huiua betri kabla ya wakati wake, na unaweza kuchoma nyumba.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze:
1. Kueleza kwa nini unene wa waya na madini yake ni muhimu.
2. Kuchagua unene unaofaa kwa paneli na taa zake.
3. Kupima waya dukani kabla ya kulipa.
4. Kujua haki yake akiuziwa waya wa bandia.

Vitu vya kuleta kwenye mkutano: kisu kikali, kiberiti cha gesi, penseli, rula, mizani ndogo ya duka, na vipande vya nyaya mbalimbali mlivyo navyo nyumbani, vizuri na vibaya.

1. WAYA NI KAMA MPIRA WA MAJI

Fikiria tangi la maji na mpira unaopeleka maji shambani. Mpira ukiwa mwembamba na mrefu, maji yanafika kidogo kidogo, hata kama tangi limejaa. Ukiwa mnene na mfupi, maji yanafika kwa nguvu. Umeme ni hivyo hivyo. Volti ni msukumo wa maji. Ampea ni wingi wa maji yanayopita. Waya ndio mpira wenyewe.

Stima ya laini ina msukumo wa volti 240. Ikipoteza volti moja njiani, hakuna anayejua. Lakini sola ya nyumbani ni volti 12 tu. Hapo kupoteza volti moja ni hasara kubwa. Kwa hiyo fundi aliyezoea stima ya nyumba za mjini anaweza kukosea kwenye sola akitumia waya ule ule aliouzoea.

Sasa tufanye hesabu. Msiogope, ni kuzidisha na kugawanya tu:

Chukua umbali wa kwenda na kurudi kwa mita. Zidisha kwa ampea. Zidisha kwa 0.0175, namba ya shaba nyekundu. Kisha gawanya kwa unene wa waya kwa milimita mraba. Jibu ni volti zinazopotea.

Mfano: Paneli ya wati 100 hutoa karibu ampea 5.5 jua likiwa kali. Iko juu ya paa, na betri iko umbali wa mita 10. Kwenda na kurudi ni mita 20. Volti zinazopotea ni hizi:

- Waya wa milimita 1.5: karibu volti 1.3
- Waya wa milimita 2.5: karibu volti 0.8
- Waya wa milimita 4: karibu volti 0.5
- Waya wa milimita 6: karibu volti 0.3

Mtu atasema, "Volti moja ni kitu gani? Paneli yangu imeandikwa volti 18." Ni kweli imeandikwa, lakini namba hiyo ilipimwa seli za paneli zikiwa na joto la nyuzi 25 tu. Sisi tunaishi wapi? Mchana wa Garissa hewa yenyewe inafika nyuzi 35 na zaidi, na paneli iliyo juani inaweza kufika nyuzi 65. Kila nyuzi moja ikipanda, paneli ya kawaida hupoteza karibu asilimia 0.4 ya volti zake. Kwa nyuzi 40 zilizozidi, hiyo ni asilimia 16. Kwa hiyo volti 18 inabaki karibu 15.

Betri ya asidi ya volti 12 inahitaji karibu volti 14.4 ili ijae sawasawa. Toa sasa hasara ya waya. Kwa waya wa 1.5, betri inapata karibu volti 13.7. Haitajaa kamwe. Kwa waya wa 4, inapata karibu 14.5. Inajaa.

Mmeona? Nyumba mbili, paneli sawa, betri sawa, jua lile lile. Moja ina taa mpaka usiku wa manane, nyingine inazima saa mbili. Mwenye nyumba ya pili atalaumu betri, anunue nyingine, nayo ife pia, kwa sababu betri ya asidi inayokaa bila kujaa huharibika upesi. Kumbe adui ni waya.

2. UNENE GANI UNUNUE?

Kwa mifumo midogo ya volti 12, chukueni mwongozo huu:

a) Kutoka paneli ya wati 100 hadi betri, mita 10: milimita 4. Umbali ukiwa mita 5 tu, milimita 2.5 inatosha.

b) Kwenda kwenye taa: taa nne za LED za wati 5 kila moja hutumia karibu ampea 1.7 kwa pamoja. Kwa umbali wa mita 8, waya wa milimita 1.5 hupoteza karibu volti 0.3. Inatosha.

c) Inveta, ile mashine ya kugeuza volti 12 kuwa 240 ya televisheni: hapa kuweni waangalifu sana. Inveta ikitoa wati 300 huvuta ampea 25 au zaidi kutoka kwenye betri. Usiifunge kwa waya wa taa. Tumia nyaya nene na fupi zilizokuja nayo, au unene ulioandikwa katika kitabu chake.

Kuna njia isiyotaka pesa: punguza umbali. Kabla ya kununua waya mrefu, uliza kama betri inaweza kusogezwa karibu na paneli. Umbali ukipungua nusu, hasara inapungua nusu na bei ya waya pia inapungua nusu. Lakini usiweke paneli chini ya kivuli cha mti au ukuta kwa sababu ya kukwepa waya. Kivuli kitakula zaidi ya waya.

3. WAYA WA BANDIA NI UPI?

Si vyote ving'aavyo ni dhahabu, na si vyote vyekundu ni shaba. Udanganyifu ni wa aina nne.

Kwanza, alumini iliyopakwa shaba. Ndani ni alumini nyeupe, nje kuna ngozi nyembamba ya shaba. Ukiukata haraka unaona wekundu, unaridhika. Lakini alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba. Waya kama huo wa milimita 2.5 unafanya kazi kama shaba ya milimita 1.6 hivi. Tena alumini hukatika ikipindwa, na kwenye maungio hushika kutu nyeupe inayozuia umeme. Maungio hulegea, yanapata joto, mwisho yanaungua.

Pili, unene wa uongo. Nje imeandikwa 2.5, ndani kuna shaba ya 1.5. Plastiki imewekwa nene ili waya uonekane mkubwa. Ukinunua kwa macho unanunua plastiki.

Tatu, urefu wa uongo. Rola imeandikwa mita 90 au 100 lakini haifiki. Au muuzaji anapima kwa yadi na kukutoza kwa mita. Yadi ni sentimita 91.4 tu. Yadi 20 ni mita 18.3, kwa hiyo umepoteza mita moja na zaidi.

Nne, ganda lisilofaa. Waya wa ndani ya nyumba una ganda la plastiki ambalo halikutengenezwa kukaa juani. Ukiupitisha juu ya mabati ya Garissa, baada ya muda ganda linakauka, linapasuka, na shaba inagusa bati. Waya wa kweli wa sola una ganda mara mbili linalovumilia jua. Mara nyingi umeandikwa H1Z2Z2-K, au PV1-F kwa ule wa zamani kidogo.

Udanganyifu wa aina hizi unaweza kuja pamoja. Waya ulioandikwa 2.5, kumbe ni alumini iliyopakwa na unene wa kweli ni 1.5, ukiutumia katika mfano wetu wa mita 10 utapoteza karibu volti 2. Hapo hata paneli mpya kabisa haitajaza betri.

4. MAJARIBIO SITA KABLA YA KULIPA

Omba muuzaji akukatie kipande cha mkono mmoja, au ununue nusu mita. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Akikataa, nenda duka lingine.

Jaribio la 1: Macho. Soma maandishi juu ya ganda. Waya mzuri umeandikwa jina la mtengenezaji, unene na kiwango, tena maandishi hayo yanarudiwa njia nzima na hayafutiki kwa kidole chenye mate. Tafuta alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, kwenye rola au lebo. Chini ya alama ya ubora kuna namba ya kibali. Tuma ujumbe wa simu wenye herufi SM, alama ya #, kisha namba hiyo, kwa 20023. Jibu litakuambia namba ni ya kampuni gani na ya bidhaa gani. Ukijibiwa kuwa ni ya unga au sabuni, acha waya huo dukani.

Jaribio la 2: Kisu. Ondoa ganda. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Hapa tusichanganyikiwe, maana nyaya nyingi nzuri za sola ni nyeupe kwa nje. Zimepakwa bati la kuzuia kutu. Kwa hiyo angalieni ndani, si nje:
- Nyekundu nje, nyekundu ndani: shaba. Nzuri.
- Nyeupe nje, nyekundu ndani: shaba iliyopakwa bati. Nzuri sana.
- Nyekundu nje, nyeupe ndani: alumini iliyopakwa shaba. Kataa.
- Nyeupe nje, nyeupe ndani: alumini. Kataa.

Jaribio la 3: Kupinda. Pinda uzi mmoja kwenda na kurudi pale pale. Shaba ni laini na huvumilia. Alumini iliyopakwa hukatika mapema. Jaribio hili peke yake halitoshi, lakini likikubaliana na la kisu umepata ushahidi wa mashahidi wawili.

Jaribio la 4: Moto. Toka nje ya duka, mbali na makuti, mikeka na mafuta. Ondoa plastiki yote kwanza, maana moshi wake ni sumu. Shika uzi mmoja mwembamba kwa koleo, uweke kwenye ncha ya moto wa kiberiti cha gesi. Shaba itakuwa nyekundu kama kaa, kisha itakuwa nyeusi, lakini itabaki imesimama. Alumini italegea, itainama na kudondoka. Sababu ni kwamba alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, na shaba mpaka nyuzi 1085.

Jaribio la 5: Penseli na rula. Hili ni la kugundua unene wa uongo. Waya wa 2.5 wenye nyuzi saba, kila uzi una upana wa milimita 0.67. Nyoosha uzi mmoja, uzungushe kwenye penseli mara kumi, mizunguko ishikane bila nafasi. Pima upana wa mizunguko yote kwa rula:
- Waya wa 1.5 (nyuzi saba): milimita 5 na kidogo
- Waya wa 2.5 (nyuzi saba): karibu milimita 7
- Waya wa 4 (nyuzi saba): milimita 8 na nusu
Ukipata milimita 5 kwenye waya ulioandikwa 2.5, umeshika mwizi. Waya laini wa sola una nyuzi nyingi nyembamba, kwa hiyo huo upimeni kwa mizani.

Jaribio la 6: Mizani. Shaba ni nzito, mara tatu na zaidi ya alumini. Rola ya mita 100, waya mmoja, lazima iwe na shaba ya uzito huu bila kuhesabu plastiki:
- Milimita 1.5: kilo 1.3
- Milimita 2.5: kilo 2.2
- Milimita 4: kilo 3.6
- Milimita 6: kilo 5.4
Rola nzima pamoja na plastiki lazima izidi hapo. Rola ya milimita 4 ikiwa na kilo 3 tu, usibishane. Ama si shaba, ama ni nyembamba, ama haifiki mita 100. Mizani imekupa jibu kwa mara moja.

Jambo la mizani wote tunalijua kutoka kwa imani zetu. Biblia inakemea mizani ya udanganyifu, na Kurani ina sura nzima, ya 83, inayowaonya wapunjao vipimo. Mteja anayepima hamtukani muuzaji. Wote wawili wanajilinda.

5. IGIZO FUPI

(Watu wawili waigize mbele ya kikundi. Mama ni mweka hazina wa kikundi. Mzee ni mwenye duka.)

MAMA: Salaam aleikum, abti.
MZEE: Waaleikum salaam, mama. Karibu. Nikupe nini?
MAMA: Nataka waya ya sola, milimita nne, shaba tupu. Nyekundu rola moja, nyeusi rola moja.
MZEE: Hii hapa. Hii ni orijino, mama. Watu wote wananunua hii.
MAMA: Sawa abti. Nikatie kipande kidogo nikwaruze.
MZEE: Aah mama, huniamini? Mimi niko hapa miaka mingi.
MAMA: Wewe nakuamini. Ni yule aliyekuletea ndiye simjui. Hata wewe unaweza kudanganywa.
MZEE: (Anacheka.) Hayo ni maneno. Haya, shika kisu.
MAMA: (Anakwaruza.) Abti, tazama. Nje nyekundu, ndani nyeupe.
MZEE: (Anatazama kwa karibu.) Wallahi sikujua. Hii nilipewa na mtu wa jumla.
MAMA: Basi mrudishie. Nyingine unayo?
MZEE: Ninayo, lakini bei iko juu.
MAMA: Iweke kwenye mizani kwanza, halafu tuongee bei. Na risiti uandike "shaba, milimita nne, mita mia."

Baada ya igizo jadilini: Mama alitumia maneno gani ili asimwaibishe mzee? Kama angepiga kelele, nini kingetokea? Kwa nini alitaka aina ya waya iandikwe kwenye risiti?

6. KUNUNUA PAMOJA

Mtu mmoja anayenunua mita tano hana nguvu. Duka linamkatia kutoka kwa rola iliyofunguliwa, hana lebo, hana namba ya kibali, wala hawezi kupima uzito. Lakini nyumba kumi zikinunua pamoja, kila nyumba ikihitaji mita 10 nyekundu na mita 10 nyeusi, mnapata rola mbili kamili za mita 100. Rola zina lebo, zinapimika, na bei ya jumla mnaweza kujadili.

Chagueni watu watatu: mmoja wa kubeba pesa, mmoja wa kupima, mmoja wa kuandika. Wasiwe wa familia moja. Wakirudi, kata ya kwanza ifanyike mbele ya wote na majaribio yarudiwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo risiti na lebo ya rola vikae kwa katibu, si mfukoni mwa mtu.

Tena kumbukeni umbali wetu. Aliyenunua waya mbaya Nairobi yuko karibu kilomita 370 kutoka Garissa, na wa Mandera yuko mbali zaidi sana. Nauli ya kurudisha waya inaweza kushinda bei ya waya wenyewe. Kwa hiyo kupima kufanyike dukani. Nyumbani ni kuchelewa.

7. WAYA MZURI UNAWEZA KUHARIBIWA NA KAZI MBAYA

Mkishapata waya mzuri, fuateni haya:

- Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya. Betri ndogo ya gari ikigusanisha nyaya zake inaweza kutoa ampea mamia kwa ghafla. Waya unakuwa mwekundu kwa sekunde chache. Katika nyumba ya makuti kando ya Mto Tana, au herio ya mikeka na matambara, hakuna muda wa kuzima. Fyuzi iwe ndogo kuliko uwezo wa waya, na isibadilishwe kwa msumari wala kipande cha waya.
- Nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, nyumba zote za kikundi. Msichanganye.
- Maungio yafanywe kwa konekta iliyokazwa kwa bisibisi. Kusokota kwa vidole na kufunga kwa karatasi ya nailoni hakufai.
- Msiunge shaba na alumini moja kwa moja. Madini hayo mawili yakikutana na unyevu yanalana.
- Waya usilale juu ya bati lenye ncha wala usipite mlangoni ambapo mbuzi na watoto wanapita. Upitishe ndani ya paipu ya plastiki au uufunge vizuri.

Kwa kazi ya kufunga, ulizeni fundi kama ana leseni ya sola ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Kijana wa kikundi anaweza kumsaidia na kujifunza kwake.

Kama mna mita ya kupimia volti, jaribio la mwisho ni hili: jua likiwa kali saa sita mchana na betri haijajaa, pimeni volti kwenye ncha za paneli, kisha kwenye kontrola. Tofauti ndiyo inayopotea kwenye waya. Ikizidi volti 0.6, tafuteni sababu: waya mwembamba, waya wa bandia, au maungio yaliyolegea.

8. UKISHAUZIWA WAYA WA BANDIA

Usikae kimya kwa aibu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na habari za kweli juu yake. Hatua ni hizi:

1. Usiutumie. Weka waya, lebo na risiti pamoja.
2. Rudi kwa muuzaji mkiwa wawili au watatu, kwa heshima. Mwonyesheni jaribio la kisu. Wengi watabadilisha au kurudisha pesa.
3. Akikataa, piga simu ya bure ya KEBS, 1545, au peleka habari kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Chifu pia anaweza kuwakutanisha.
4. Waambieni vikundi vingine juu ya waya huo, mkiwaonyesha kipande chenyewe. Semeni mlichopima, msiseme uvumi juu ya mtu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Sola ya volti 12 inataka waya mnene na mfupi.
- Angalia ndani ya uzi, si nje.
- Pima uzito kabla ya bei.
- Waya wa nje uwe wa sola, wenye ganda mara mbili.
- Fyuzi karibu na betri.
- Hakuna risiti, hakuna malipo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi zimebadilisha betri zaidi ya mara moja? Je, kuna aliyewahi kuangalia waya?
2. Fanyeni hesabu: paneli ya wati 100, umbali wa mita 15, waya wa milimita 4. Ni volti ngapi zinapotea? (Jibu: karibu 0.7.) Mngefanya nini ili kupunguza?
3. Muuzaji anasema waya wa alumini ni nusu ya bei. Kwa mwaka mmoja, ni nani atakuwa ametumia pesa nyingi zaidi, aliyenunua alumini au shaba? Hesabuni pamoja na bei ya betri.
4. Nani katika kikundi atashika kisu, nani mizani, nani daftari?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanakikundi akague nyumba yake na ya jirani mmoja, akiomba ruhusa. Kabla ya kugusa kitu, funika paneli kwa blanketi, kisha ufungue waya kutoka kwenye betri. Aandike mambo manne: unene ulioandikwa kwenye waya, rangi ya uzi ukikwaruzwa, umbali kutoka paneli hadi betri, na kama kuna fyuzi. Nyumba ambazo hazina fyuzi zishughulikiwe kwanza, hata kabla ya kununua waya mpya. Fyuzi ni bei ndogo, na ndani ya nyumba hizo watoto wamelala.